Gari Lisilo na Viti vya Nyuma

Kodi ya mauzo ya magari madogo ilipanda tarehe mosi, na gari la Sponji lilifika tarehe tatu.

Siku mbili tu. Kwa siku hizo mbili Sponji alipungukiwa milioni mbili ambazo hakuwa nazo wala hakujua zitatoka wapi, na nyumbani mkewe alikuwa ameshafagia mahali pa kuliegesha.

Sponji si jina alilopewa na wazazi. Alikuwa fundi wa viti vya magari kwa miaka thelathini, na wenzake wa gereji walimwita hivyo kwa sababu kila jioni alirudi kwake na vipande vya sponji kichwani kama kuku aliyenyonyolewa nusu akatoroka. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache hayakuwa na sukari. Mteja akilalamika kwamba bei ni kubwa, Sponji alimjibu, "Basi kaa chini." Lakini mkono wake uliheshimiwa. Watu walisema gari litaoza, kiti cha Sponji kitabaki.

Mganga hajigangi. Magari manne aliyowahi kuyamiliki yote aliyanunua kwa mtu aliyenunua kwa mtu. La kwanza lilinuka samaki. La pili lilinuka mbwa, na mbwa mwenyewe hakuwahi kuonekana. Kila mara Sponji aling'oa viti, akavishona upya, akamwita mkewe aje kuona. "Jipya hili," alisema. Mkewe alitazama, akanyamaza. Mwaka wa kumi na tisa wa ndoa yao ndipo aliposema.

"Baba watoto, nataka gari jipya."

"Hili nimelishona juzi tu."

"Sikutaja kushona. Nimesema jipya. Gari ambalo mimi ndiye wa kwanza kulikalia. Mama yangu akae nyuma kwenye kiti ambacho hajakikalia mtu, wala hujakigusa wewe."

"Mimi nina nini?"

"Huna kitu. Ila miaka yote hii kila ninapokaa, nakaa juu ya kazi yako. Mara moja tu nataka kukaa juu ya kitu kilichotoka kiwandani."

Maneno hayo yalimchoma Sponji kama sindano ya gunia, lakini alikubali. Mkewe alikuwa anauza mayai kwa jumla, na mwanamke anayehesabu mayai kila siku hakosei hesabu. Walipatana kila mmoja aweke nusu. Walikwenda kwenye duka la magari, wakachagua gari moja dogo la rangi ya kijivu, wakaandikiwa bei kwenye kikaratasi: gari milioni ishirini, kodi ya mauzo asilimia kumi na tano, yaani milioni tatu. Jumla ishirini na tatu. Mkewe alikibandika kikaratasi hicho ndani ya mlango wa kabati. Kwa miaka minne hakununua viatu. Sponji naye aliacha sigara, ingawa hakuacha kuomba za wenzake.

Mwezi ule walipofikisha milioni ya ishirini na tatu, redio ikatangaza. Kuanzia tarehe mosi, kodi ya mauzo kwa magari ya abiria itatoka asilimia kumi na tano na kuwa ishirini na tano. Kwa magari ya mizigo itashuka hadi kumi, ili biashara ikue.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na tatu. Mji mzima ulikumbuka ghafla kwamba unahitaji gari. Sponji alipofika dukani alikuta watu wanagombania magari kama mikate ya moto. Bibi mmoja alikuwa amekaa ndani ya gari la maonyesho, amejifungia, anasema hatoki mpaka mwanawe aje na fedha. Muuzaji, mwanamume mwembamba mwenye tai iliyompita mkanda, alikuwa hana sauti tena, ananong'ona.

"Mzee, la kijivu la mwisho limeondoka asubuhi. Lakini mzigo mwingine uko njiani. Weka kianzio, nikuwekee moja."

"Litafika kabla ya tarehe mosi?"

"Inshallah."

Sponji alilipa nusu. Alipewa stakabadhi yenye tarehe kumi na tisa, akarudi nyumbani anaipunga kama bendera.

"Kodi tumeikwepa!" alimwambia mkewe. "Tarehe hii hapa, imeandikwa, ina muhuri."

Mkewe aliisoma mbele na nyuma. "Hapa wameandika kianzio."

"Kianzio ndiyo kununua."

"Uliwauliza?"

"Nimuulize nani? Mtu hana hata sauti."

Ndivyo tarehe tatu ilivyomkuta amesimama mbele ya meza ya muuzaji, ambaye sasa sauti ilikuwa imemrudia, nayo haikuleta habari njema.

"Milioni ishirini na tano, mzee."

"Ishirini na tatu. Stakabadhi hii hapa."

"Stakabadhi hiyo ni ya kianzio. Kodi ya mauzo haitazami siku uliyoweka fedha. Inatazama siku gari linapokabidhiwa na ankara kuandikwa. Leo ni tarehe tatu."

"Kwa hiyo meli imechelewa, nalipa mimi?"

"Meli hailipi kodi, mzee."

Mikono ilimwasha Sponji kuikaza ile tai kidogo. Kisha akauliza, "Na nikikataa?"

"Kianzio chako utarudishiwa, hakuna ugomvi. Au ungoje, ujaze hizo mbili, gari nitakushikia miezi sita. Wengine wamefanya hivyo." Muuzaji aliinama mbele. "Au uchukue lile pale."

Lile pale lilikuwa gari lile lile la kijivu. Taa zile zile, milango ile ile, madirisha yale yale. Sponji alifungua mlango wa nyuma. Ndani hakukuwa na kiti. Palikuwa na ubao uliofunikwa zulia jembamba, basi.

"Hili ni la mizigo," muuzaji alisema. "Milioni kumi na tisa, kwa sababu halina kiti. Kodi asilimia kumi. Jumla ishirini na laki tisa. Unaondoka leo, na milioni mbili na laki moja unabaki nazo mfukoni."

Sponji aliupapasa ule ubao. Aliona matundu manne ya boliti, yamezibwa vizibo vya mpira. Kiwanda hakikuwa na magari mawili. Kilikuwa na gari moja, na kiti ambacho kimeachwa.

Mtu mwingine angeona gari lisilo na viti. Mtu aliyeshona viti miaka thelathini aliona kodi isiyo na akili. Serikali imepandisha kodi kwa sababu ya kiti! Na kiti ndicho kitu pekee duniani ambacho yeye hahitaji kukinunua. Moyo ulimwenda mbio kama wa mtu aliyeokota pochi. Muuzaji alimweleza kwamba angeweza kumpigia mkewe simu kwanza wakashauriana. Sponji akasema mkewe hapendi kusumbuliwa akiwa anapanga mayai.

Gari hakulipeleka nyumbani. Alilipeleka gereji, akafunga mlango wa banda lake kwa ndani.

Jirani yake wa banda la pili alikuwa mpiga rangi, mtu mwenye domo, na mlango wa bati haukumzuia. Alichungulia kwenye tundu la msumari.

"Sponji! Umeiba gari?"

"Nimenunua."

"Mbona limekuja limeng'olewa viti? Umenunua kwa mwizi?"

Ilibidi amfungulie na kumweleza, maana angeachwa nje angeita watu. Mpiga rangi alisikiliza, akacheka mpaka akakaa juu ya kopo la rangi.

"Kwa hiyo asubuhi gari ni la mizigo, jioni ni la mama mkwe?"

"Sheria imesema gari lisilo na viti. Halina. Ninachofanya bandani kwangu ni kazi yangu."

"Na ukaguzi je? Hizo namba ni za muda, za siku thelathini. Kabla hazijaisha watataka kuliona ndipo wakupe za kudumu."

"Boliti nne. Asubuhi ya ukaguzi natoa kiti, dakika kumi. Jioni narudisha, dakika kumi."

"Na mkeo?"

Hapo Sponji alijifanya anatafuta spana.

Alifanya kazi siku nne kama anayejenga nyumba ya ibada. Fremu aliitoa kwenye gari lililogongwa ambalo kiti chake cha nyuma kilikuwa kizima. Aliweka tabaka tatu za sponji, ngumu chini, laini juu. Akatandika ngozi bandia nyekundu iliyoiva, bunda zima alilokuwa amelinunua kwa mwenye ukumbi wa mikutano aliyefilisika. Akafunga na mikanda. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani: hakushona kile kitambaa chake. Kila kiti cha Sponji kilikuwa na kitambaa kidogo nyuma, chenye namba ya simu na maneno *Viti vya Sponji, Ukikaa Hunyanyuki*. Hiki alikiacha bila jina. Tena akanunua nailoni nyembamba, akakivisha kiti chote, ili kifanane na vile viwili vya mbele vilivyotoka kiwandani na nailoni yake.

Alipiga hatua moja nyuma, akakitazama. Kilikuwa kiti bora kuliko vyote alivyowahi kushona, na hakuna mtu ambaye angejua. Iliuma kidogo.

Domo la mpiga rangi nalo halikulala. Kabla ya wiki kwisha walikuja watu wanne, kila mmoja na gari jipya la mizigo, kila mmoja amelinunua tarehe tatu ile ile: fundi bomba, mwenye duka la dawa, mwalimu na muuza vioo. Wote walizungumza kwa sauti ya chini kama wanaonunua kitu kisicholipiwa ushuru, na kweli ndicho walichokuwa wakinunua. Sponji aliwatoza laki tatu kila mmoja. Bunda la ngozi nyekundu lilitosha wote. Na kwa kuwa hao hawakuwa mkewe, nyuma ya kila kiti alishona kitambaa chake, namba ya simu juu.

"Siku ya ukaguzi mniletee asubuhi," aliwaambia. "Nitatoa viti."

Walimwambia yeye ni mtu wa akili. Sponji alikubaliana nao.

Gari lilipoingia nyumbani, mkewe alitoka na mikono ina unga wa chakula cha kuku. Alilizunguka gari mara mbili. Akafungua mlango wa nyuma, akaona kiti chekundu ndani ya nailoni.

"Vya mbele ni vya kijivu," alisema.

"Vya nyuma wamebadilisha. Mzigo mpya."

"Na kodi? Redio ilisema..."

"Nimemalizana nao."

Mkewe alinawa mikono mara mbili, akavua kandambili, akaingia akakaa. Aliyafumba macho. Alivuta pumzi ndefu kwa pua, na kwa sababu nailoni ilikuwa mpya, kweli palinuka upya. "Baba watoto," alisema, "asante." Kwa sauti ambayo Sponji alikuwa hajaisikia tangu mtoto wao wa kwanza azaliwe. Sponji akasema anakwenda kufunga geti. Geti lilikuwa limefungwa.

Mama mkwe aliletwa siku ya pili. Alikuwa na miguu mibovu na ulimi mzima. Aliposhushwa kwenye kile kiti alitulia, akajigeuza kulia, akajigeuza kushoto, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Mwanangu," alimwambia binti yake, "kitanda changu si laini hivi. Hao wazungu wa kiwandani wamejua hasa."

"Si wazungu, mama," Sponji alisema kabla hajajizuia.

"Ni nani basi?"

"Sijui. Watu tu."

Tangu siku hiyo mama mkwe hakutaka kushuka. Alipelekwa zahanati, alipelekwa sokoni, alipelekwa kumwona shoga yake waliyenuniana miaka sita, ili tu amwone amekaa. Milioni mbili na laki moja zilizobaki, Sponji alizificha kwenye kopo la misumari pamoja na zile za wateja. Ukiacha laki tatu na nusu zilizokwenda kwenye fremu, mikanda na vifaa vingine, zilikuwa zote. Kila siku aliahidi nafsi yake kwamba kesho atamweleza mkewe. Kesho ilifika nyingi.

Siku ya thelathini aliamka mapema, spana mfukoni. Mpango ulikuwa alipeleke gari gereji, atoe kiti chake na vya wateja wanne, kisha waende wote kukaguliwa. Alitoka uani.

Mama mkwe alikuwa ndani ya gari. Amevaa, amejifunga kilemba, amefunga mkanda.

"Shikamoo, mama. Unakwenda wapi?"

"Marahaba. Kuchukua namba za gari letu. Binti yangu amesema ni leo."

Mkewe akatokea na mkoba. "Twende tukawahi foleni."

"Nyie bakini tu. Ni kazi ya jua na vumbi."

"Miaka minne nimelingojea hili gari. Kupewa namba zake nibaki nyumbani?"

"Mama, hebu shuka kidogo, nataka kuangalia kitu chini ya kiti."

"Angalia nikiwa hapa hapa. Mimi si mzito."

Sponji aliishika spana ndani ya mfuko. Boliti nne, dakika kumi, na mama mkwe juu yake. Hakuna chuo kinachofundisha jinsi ya kung'oa kiti chenye mama mkwe. Aliingia mbele akawasha gari. Njiani alijiambia kwamba huenda wakaguzi wangetazama taa na breki tu.

Uwanja wa ukaguzi ulikuwa na mistari miwili. Karani wa getini aliomba karatasi, Sponji akamkabidhi haraka, akaelekezwa kushoto.

"Mbona tumewekwa upande wenye malori?" mkewe aliuliza.

"Foleni ya huku ni fupi."

Mbele yao palikuwa na magari manne madogo, mapya, kila moja na kiti chekundu nyuma. Sponji alivitambua viti vyake. Wale wanne walikuwa wamefika bandani kwake alfajiri, wakakuta kufuli. Siku zao zilikuwa zinakwisha leo kama zake, kwa hiyo walikuja hivyo hivyo, kila mmoja akijiambia kwamba huenda wangetazama taa na breki tu.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa uzi kwenye sikio moja. Alifungua mlango wa nyuma wa gari la fundi bomba.

"Hili ni la mizigo?"

"Ndiyo, mama."

"Unabeba nini?"

"Mabomba."

"Mabomba yanafunga mkanda?"

Fundi bomba alitazama viatu vyake. Mkaguzi akaenda gari la pili, la tatu, la nne. Kiti chekundu, kiti chekundu, kiti chekundu. Akainama nyuma ya kile cha mwisho, akasoma kwa sauti, uwanja mzima ukisikia: "Viti vya Sponji. Ukikaa hunyanyuki." Akatoa simu yake, akabonyeza namba moja moja.

Sasa, mkewe alikuwa amemwekea Sponji mlio wa jogoo kwenye simu, kwa utani wa biashara yake ya mayai. Jogoo akawika.

Sponji alitazama mbele. Jogoo akawika tena.

"Mkwe wangu," mama mkwe alisema, "kuna jogoo mfukoni mwako."

"Pokea simu," mkewe alisema.

"Si muhimu."

"Pokea."

Alipokea. "Halo," alisema ndani ya gari, na nje mkaguzi, hatua kumi kutoka hapo, akageuka na simu sikioni, wakatazamana kupitia kioo.

"Sponji?" mkaguzi aliuliza kwenye simu.

"Ndiye," alisema Sponji, na kukata simu hakukuwa na faida tena.

Mkewe aligeuka, akapitisha mkono wake chini ya kiti cha nyuma, kati ya miguu ya mama yake, akaichana nailoni kwa kucha. Alipapasa mshono kutoka pembe moja hadi nyingine, taratibu, kama anayesoma barua. Alipofika kwenye fundo la mwisho alisimama.

"Mafundo mawili, kisha unarudi nyuma mara tatu," alisema. "Nimekushikia uzi tangu siku tulipooana. Huu mshono nitaujua hata nikizikwa nao."

"Mama watoto..."

"Gari halikuja na kiti."

"Halikuja."

"Kwa sababu ya milioni mbili?"

"Tulikuwa hatuna."

"Ungeniuliza. Ningekwambia tungoje. Miaka minne nimengoja, nitashindwa na miezi sita?"

Mkaguzi alikuwa ameshafika dirishani.

"Baba, na wewe mzigo wako ni nini?"

"Ni mimi," mama mkwe alisema.

Hapo mkaguzi aligeukia pembeni akakohoa, na kikohozi kile kilikuwa na meno. Alipogeuka tena alieleza njia zilizopo. Ya kwanza: ang'oe kiti hapo hapo, alipe faini laki tatu, gari libaki la mizigo. Ya pili: libadilishwe liwe la abiria, alipe faini hiyo hiyo pamoja na tofauti yote ya kodi, ikihesabiwa thamani ya gari na ya kiti.

"Mama, unafanya kazi gani?" alimwuliza mke wa Sponji.

"Nauza mayai."

"Basi la mizigo lingekufaa."

"Mayai yangu yamepanda magari miaka yote. Mama yangu hajapanda."

Mkaguzi akaandika. "Gari milioni kumi na tisa. Kiti, tuseme laki sita."

Sponji, ambaye mpaka hapo alikuwa ameinamisha kichwa kama mtuhumiwa, alikiinua.

"Laki sita?"

"Laki sita."

"Kiti hiki laki sita? Dada, umekitazama? Tabaka tatu! Shika mshono huo! Kiwandani hawawezi mshono huo. Hiki hata ukiniambia milioni naona umenionea."

"Baba watoto, nyamaza," mkewe alisema.

"Siwezi kunyamaza. Laki sita ni kigoda!"

"Sawa," mkaguzi alisema, akafuta, akaandika upya. "Milioni moja. Thamani yote ishirini. Kodi asilimia ishirini na tano ni milioni tano. Ulilipa moja na laki tisa. Tofauti milioni tatu na laki moja. Kwa laki sita ingekuwa tatu kamili, lakini fundi ni wewe."

Kutoka kwenye magari ya mbele mwalimu alisikika akicheka, kicheko cha mtu ambaye zamu yake inakuja.

Sponji alitazama ile karatasi, kisha akamgeukia mkewe. Ilikuwa mara ya kwanza katika jambo lote hili.

"Unataka nini?"

"Nilishakwambia. Sijabadilisha neno."

Basi akachukua njia ya pili, na si hiyo tu. Wiki ile ile alirudi dukani kwa muuzaji mwenye tai, akaagiza kiti cha nyuma cha kiwandani, cha kijivu. Alikifunga mwenyewe, boliti nne, dakika kumi, mkewe amesimama nyuma yake kuhakikisha hatumii sindano. Mama mkwe alikalia hicho kipya, akajigeuza kulia, akajigeuza kushoto.

"Kigumu," alisema. "Kile cha kwanza kiko wapi?"

Kile chekundu kikapelekwa kwake, kikawekwa sebuleni, na hapo ndipo anapopokelea wageni mpaka leo. Wale wateja wanne walichagua njia ya kwanza, wakavirudisha viti bandani na kudai fedha zao. Sponji aliwarudishia kila mmoja laki zake tatu kutoka kwenye kopo la misumari, na alipata viti vinne vyekundu visivyo na magari. Mpiga rangi hula chakula cha mchana kwenye kimoja.

Hesabu yenyewe ni hii. Gari la mizigo na kodi yake, milioni ishirini na laki tisa. Vifaa vya kiti chekundu, laki tatu na nusu. Tofauti ya kodi, milioni tatu na laki moja, na kati ya hizo laki moja ni ya majivuno. Faini, laki tatu. Kiti cha kiwandani, milioni moja, na kodi ya mauzo juu yake laki mbili na nusu, maana kiti nacho hulipiwa. Jumla milioni ishirini na tano na laki tisa, kwa gari ambalo tarehe tatu lilikuwa ishirini na tano. Akiba yao ilikuwa ishirini na tatu. Zilizopungua, milioni mbili na laki tisa, zilipatikana kwa kuuza gari kuukuu la Sponji, ambalo tarehe tatu halikumjia akilini, kwa hiyo huenda kazini kwa miguu, dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi. Na kuna siku kumi na moja ambazo mkewe alimwekea chakula mezani bila kumwita.